Nambari ya Shilingi Milioni: Je, Sifa Hununuliwa Dirishani?

Kuna bidhaa moja hapa Kenya ambayo mwenye gari anaweza kuinunua kwa shilingi 1,000,000, na akiisha kuinunua, gari lake halitakwenda kasi zaidi, halitapunguza kiu yake ya petroli, wala halitavuka matope ya Nyando kwa wepesi kuliko lilivyovuka jana. Bidhaa hiyo ni nambari ya usajili aliyojichagulia mwenyewe. Badala ya herufi na tarakimu zilizomfikia kwa zamu, kibao cha gari lake huandikwa jina lake, au la ukoo wake, au neno jingine limpendezalo, mradi Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ambayo wengi huijua kwa herufi zake NTSA, imeridhia.

Mwananchi wa kawaida hutozwa shilingi 3,000 kwa vibao vyenye alama za usalama vilivyozinduliwa Agosti 2022. Hivyo basi, anayetaka jina lake lisomwe barabarani hulipa zaidi ya mara 300 ya kile alipacho jirani yake. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, wanafunzi wangu hapa Kisumu wameniuliza mara si haba iwapo nambari hiyo ina faida yoyote. Naona swali lao ni la lugha kabla ya kuwa la pesa, kwani kinachouzwa pale si bati. Kinachouzwa ni neno. Naomba msomaji aniruhusu nilijibu kwa njia hiyo.

Tuanze na nambari ya kawaida, ambayo wengi huipita bila kuitafakari. Mfumo tunaoutumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 una herufi tatu zinazoanza na K, kisha tarakimu tatu, kisha herufi moja ya mwisho, kama vile KAA 001A. Herufi I na O zimeachwa kando kwa sababu macho huzichanganya na tarakimu 1 na 0. Mwanafunzi mwenye kalamu ataona kwamba kila kundi la herufi tatu za mwanzo lina nafasi ya magari 23,976, yaani tarakimu 999 zikizidishwa kwa herufi 24. Kibao cha mbele ni cheupe, cha nyuma ni cha manjano, na maandishi ni meusi. Hayo yote yalipangwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule shahidi aliyesimama kando ya njia, ambaye ana nukta chache za kusoma na kukariri kabla gari halijatoweka.

Ferdinand de Saussure, mtaalamu wa lugha wa Uswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba uhusiano kati ya neno na kinachotajwa na neno hilo ni wa makubaliano tu. Mswahili husema samaki, Mjaluo husema rech, na samaki mwenyewe hana habari. Sioni mfano bora wa fundisho hilo kuliko nambari ya gari. Haimsifu mwenyewe wala haimkashifu. Haisemi kabila lake, dini yake, elimu yake wala akiba yake benkini. Husema jambo moja tu, kwamba gari hili silo lile.

Walimu wataniunga mkono nikisema kwamba nambari ya namna hiyo ni kama sare ya shule. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mchuuzi wa omena huvaa sweta moja, si kwa sababu wazazi wao wana mali sawa, bali kwa sababu mbele ya mwalimu na kanuni za shule wanapaswa kuwa sawa. Kadhalika, gari kuukuu linalobeba mbuta kutoka ufuoni na gari la kifahari linalotoka uwanja wa ndege huvaa sare moja mbele ya sheria. Barabarani, pengine ndiyo sare pekee iliyobaki.

Waama, binadamu hashindwi kupata cheo hata ndani ya sare. Wakenya wamejifunza kuisoma nambari kama wasomavyo umri. Likipita gari lenye KDA au herufi zinazoifuata, watu hujua kwamba limesajiliwa karibuni, na anayeuza gari hutaja herufi hizo kabla ya kutaja hali ya injini. Ndugu zetu wa Tanzania, ambao nambari zao huanza na T na kuishia kwa herufi tatu, nao husema gari hili ni namba D, wakimaanisha kwamba si la zamani sana. Alama iliyobuniwa ili isiwe na maana imepewa maana na watumiaji wake. Hiyo ndiyo tabia ya lugha, na hakuna mamlaka inayoweza kuizuia. Anayenunua nambari ya kujichagulia anapiga hatua moja tu mbele katika mchezo ambao sisi sote tunaucheza.

Ni haki tuzisikilize hoja za wanaoitetea biashara hiyo. Ya kwanza ni kwamba pesa ni zake, na halazimishwi na mtu. Huo ni ushuru wa hiari, na serikali inayohitaji mapato haina sababu ya kumkataza tajiri kuchangia. Tanzania nayo huuza nambari za aina hiyo, na katika bajeti ya mwaka 2016/17 ada yake ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 za huko hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Uingereza, ambako magari yalilazimishwa kuvaa nambari kuanzia 1 Januari 1904, serikali imekuwa ikiuza nambari za kuvutia tangu mwaka 1989, na mwaka 2014 kibao chenye maandishi 25 O kilinunuliwa kwa zaidi ya pauni 500,000.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husemwa kwamba jina hukumbukwa kwa urahisi kuliko mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na hivyo anayejiandika jina anajifunga mwenyewe. Akimgonga mtu na kutoroka, kijiji kizima kitamtaja. Hoja hii ina historia nyuma yake. Agizo la polisi wa Paris la 14 Agosti 1893, ambalo ni miongoni mwa sheria za kwanza kabisa duniani kuhusu vibao vya magari, liliwataka wenye magari kuandika kwenye bamba la chuma jina na anwani zao pamoja na nambari waliyopewa. Maana yake ni kwamba jina la mtu lilikuwa garini tangu mwanzo. Ila lilitakiwa na serikali ili mwenye gari apatikane akikosea, ilhali leo jina huwekwa na mwenye gari ili asifiwe hata kabla hajatenda lolote. Herufi ni zilezile, lakini kazi yake imegeuka.

Hapa ndipo pwani yetu ya ziwa ina la kufundisha. Wajaluo wana desturi iitwayo pakruok. Katika sherehe, na hasa mahali pinapopigwa benga, mtu anaweza kuinuka, akamtuza mwanamuziki, muziki ukatulizwa, naye akajisifu kwa majina ya majigambo mbele ya watu wote. Kwa mtazamo wa haraka, mtu huyo hana tofauti na mnunuzi wa nambari. Wote wawili wametoa pesa ili wasikike. Baadhi ya wanafunzi wangu wameleta hoja hiyo darasani, wakisema kwamba nambari ya milioni ni pakruok iliyopigwa kwenye bati, na hivyo haifai kulaumiwa na mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hili.

Nimeipima hoja yao na kuona tofauti tatu. Kwanza, anayejisifu katika pakruok hajitaji peke yake. Hujiita mwana wa fulani, mkwe wa fulani, mtu wa Alego au binti wa Seme. Hutaja marafiki zake na kuwainua pamoja naye. Maneno wuod, nyar na ja ndiyo mhimili wa majigambo hayo, na yote matatu humfunga mtu kwa watu wengine au kwa mahali. Pili, wapo wasikilizaji wanaomjua. Akizidisha chumvi atachekwa papo hapo, na mwingine atainuka kumjibu kwa majigambo makali zaidi. Tatu, pesa anayotoa huonekana inakokwenda. Humwendea mwanamuziki aliyekesha akipiga gitaa, au katika matanga humsaidia mfiwa. Sifa imenunuliwa, naam, lakini jamii imepata chake na imebaki na haki ya kuikubali au kuikataa.

Nambari ya kujichagulia haina hata moja kati ya hayo. Humtaja mtu mmoja, huwaambia wapita njia wasiomjua, na hakuna awezaye kuijibu ila kwa honi. Ni jigambo lisilo na hadhira.

Wala si kwamba watu wa huku hawapendi kuandika majina kwenye vyombo vyao. Tembelea Dunga, Mbita au Usenge, uone mitumbwi iliyovutwa ufuoni. Mingi ina maandishi mawili ubavuni: nambari ya usajili, na jina ambalo mwenye chombo amelichagua, liwe la mama mzazi, la timu ya kandanda, la mstari wa dini au la kumpiga kijembe jirani. Matatu zetu ni hivyo hivyo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliziamuru matatu kuvaa mstari wa manjano, na michoro mingi ikafutwa. Katika muongo uliofuata michoro na majina vilirudi kwa kishindo. Lakini tazama hekima iliyomo. Mvuvi na dereva huweka jina mahali pa jina na nambari mahali pa nambari. Serikali inapata alama yake, mwenyewe anapata majigambo yake, na gharama yake ni kopo la rangi. Sioni kwa nini mwenye gari dogo asiridhike na utaratibu huo.

Kuna sababu nyingine ya kumfanya mtu asite kabla ya kutoa milioni yake, nayo ni kwamba historia ya mji wetu haiwapi moyo wale wanaodhani jina lililoandikwa kwa amri hudumu. Reli ilipofika ukingoni mwa ziwa 20 Desemba 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyekuwa akisimamia utandazaji wa reli. Jina hilo lilikuwa na nguvu zote za dola. Hata hivyo, wenyeji waliendelea kupaita mahali hapa kwa jina ambalo wengi hulihusisha na desturi ya kwenda kutafuta chakula na kubadilishana bidhaa, na leo Port Florence limebaki katika vitabu ilhali Kisumu limebaki midomoni.

Mfano wa pili uko hatua chache kutoka barabara ya kwenda Kakamega. Hospitali kuu ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969 imewahi kuwa na jina la mkoa wa Nyanza, na sasa ina jina tukufu la Jaramogi Oginga Odinga. Panda bodaboda, umtajie mwendeshaji jina lolote la kiofisi, kisha umsikilize akikuuliza kama unamaanisha Russia. Zaidi ya nusu karne imepita, Muungano wenyewe umevunjika tangu mwaka 1991, na jina la Russia lingali hai kwa kuwa wananchi ndio walioliweka. Hata ziwa lenyewe, ambalo John Hanning Speke alilivika jina la malkia wake mwaka 1858, kwa Wajaluo ni Nam Lolwe.

Majina ya watu nayo hufuata kanuni hiyo. Mjaluo hajipi jina. Akizaliwa usiku ni Otieno au Atieno, jua likiwaka ni Ochieng' au Achieng', mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth. Jina jingine huenda likamjia kutoka kwa mhenga wake. Na akikua, akatenda jambo, watu humwongezea. Raila Odinga, aliyefariki 15 Oktoba 2025, alijulikana kwa majina ya Tinga, Agwambo, Jakom na Baba. Tinga lilitokana na trekta iliyokuwa nembo ya chama chake, NDP, katika miaka ya 1990. Mtu akubaliane na siasa zake au azipinge, hatakana kwamba majina hayo yalitoka vinywani mwa umati wala hayakupitia dirisha la malipo. Ndiyo maana yalitangulia kufika kila alipokwenda.

Kufikia hapa msomaji anaweza kusema kwamba nambari hizi ni upuuzi usiomdhuru mtu. Ningekubali, lau si jambo moja linalonitia wasiwasi. Katika nchi yetu zipo nambari zinazobeba mamlaka halisi. Gari la Jaji Mkuu huandikwa CJ 1. Magari ya serikali kuu yana GK, na ya Kaunti ya Kisumu yana tarakimu 42 pamoja na herufi CG. Askari wa barabarani amezoezwa kwamba kibao kisicho cha kawaida kina mkubwa ndani yake. Sasa mpelekee askari huyo, saa mbili usiku, gari lenye jina la mtu badala ya nambari ya zamu. Je, atalisimamisha kwa ujasiri uleule anaosimamishia tuktuk iliyojaa abiria? Akisita hata kidogo, basi kilichouzwa kwa milioni si jina tena. Ni hofu ya askari, na hofu hiyo haikuwa mali ya serikali kuiuza.

Wakenya wameshaliona jambo hili kwa sura nyingine. Mwaka 2014 Bunge liliirekebisha sheria ya bendera na nembo za taifa, na magavana wakazuiwa kupeperusha bendera ya taifa kwenye magari yao. Mjadala wa wakati ule haukuhusu kitambaa. Ulihusu ni nani apishwe barabarani. Nchi ambayo viongozi wake waliochaguliwa waligombania alama ya kupishwa haina budi kujihadhari inapoziuza alama zinazofanana na hizo kwa yeyote mwenye pesa.

Kuna pia hesabu ambayo sisi walimu hatuwezi kuiepuka. Mwongozo wa karo ambao serikali imeutumia kwa miaka kadhaa uliweka shilingi 53,554 kwa mwaka kuwa mchango wa mzazi kwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya kitaifa. Shilingi milioni moja ingewalipia wanafunzi 18 kwa mwaka mzima na chenji ibaki. Simwamuru mtu atumie vipi jasho lake. Nasema tu kwamba kama ni jina analolitafuta, watoto 18 wa Nyakach au wa Rusinga wangelibeba mbali zaidi kuliko bati, tena wangelitamka kwa hiari yao.

Napendekeza nini basi? Sipendekezi nambari hizo zipigwe marufuku, maana majivuno yakifukuzwa mlangoni huingia dirishani. Napendekeza tuyatoze majivuno hayo kama yanavyotozwa katika pakruok. Mwezi Aprili 2023 nambari P 7 iliuzwa mnadani huko Dubai kwa dirhamu milioni 55, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye mfuko wa kulisha wenye njaa. Nasi tunaweza kuziweka nambari za kujichagulia katika mnada wa hadhara, tukatangaza mapema kwamba kila shilingi itakwenda kuwatibu majeruhi wa ajali za barabarani katika hospitali za umma, hiyo yetu ya Russia ikiwa mojawapo. Hapo atakayejisifu atakuwa na hadhira, na mwenye kuvunjika mguu atakuwa amepata chake. Pamoja na hayo, kila gari lenye jina lihifadhi pia nambari yake ya zamu mahali pa kuonekana, kama mitumbwi ya Dunga ifanyavyo, ili shahidi na askari wajue kwamba sare haijavuliwa.

Na kwa mwanafunzi anayeota kwamba siku moja gari lake litaandikwa jina lake, nina neno moja la Kiswahili kongwe: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama jina lako halijafika Kibuye na Kondele kabla ya gari lako, kibao hakitalifikisha. Na likiwa limeshafika, hiyo milioni uliyoiweka akiba ina kazi nyingine.